Mfuniko wa Kalamu

Chanda chema huvikwa pete, wasemavyo.
Mimi ni kiganja.
Miaka ishirini na miwili nabeba koni,
filimbi, pampu, vizibao vya manjano kumi na vinne
(vilikuwa kumi na vitano; kimoja aliondoka nacho Bassagoda
siku aliyofukuzwa, akijifutia uso,
akijitia anafuta mvua).

Makocha tisa nimewapokea hapa Arroyo Seco.
Wote niliwaonyesha bomba linalotoa maji ya moto,
wote niliwaambia mlango wa ofisi husukumwa kwa goti.
Wote tisa nikawasindikiza hadi getini.
Mlango ungali unasukumwa kwa goti.

Kazi yangu huishia katika sikio la mtu mwingine.
Nakaa kushoto kwake,
kibuyu cha yerba kinafuka kati ya miguu yangu,
Julai inauma kutoka upande wa mto,
ule mto mpana usio na ng'ambo,
nami nanong'ona:
Beki wao wa kulia hauamini mguu wake wa kushoto.
Golikipa anatoka mapema.
Techera amechoka.
Kisha nanyamaza. Neno likishaingia si langu tena.
Likizaa bao ni lake. Lisipozaa:
"Wilmar, nani alikwambia?"

Najua yasiyoandikwa ubaoni:
nani mkewe amerudi kwao Tacuarembó na watoto,
nani hali kitu siku ya mechi, akaapa ameshiba,
kwa nini Píriz, winga mdogo,
hufunga kamba za viatu mara tatu
(babake alikuwa fundi viatu; hajamaliza mwaka kaburini).

Mara moja tu.
Wa tisa alikuwa ameondoka Alhamisi.
Mwenyekiti alinikuta ngazini, ufunguo wa gari mkononi,
akasema bila kusimama:
"Jumamosi ni yako, Etchegoyen. Jumamosi tu."
Nélida akalipiga pasi shati nililovaa harusi ya binti yetu.
Nikasimama ndani ya ule mstatili wa chokaa
nisijue pa kuiweka mikono,
imezoea kubeba,
ikaning'inia kama nguo za jirani kwenye kamba yangu.

Dakika ya sitini na nane
nilijikuta nimerudi kukaa, kushoto, mahali pangu.
Nikageuka kulia, nikanong'ona:
Techera amechoka.
Kiti kilikuwa kitupu.
Nikarudia, kwa sauti kidogo,
kama mtu anayezungumza na mgonjwa wa masikio.
Na kabla sijaelewa kwamba sikio sasa lilikuwa langu,
Techera alikuwa chini, amelikamata paja,
na mpira ulikuwa ndani ya wavu wetu
ukizungukazunguka, hauna haraka.

Jumatatu akaja wa kumi, Odriozola,
rika la kifungua mimba wangu, kompyuta kwapani.
Nikamwonyesha bomba. Nikamwonyesha goti.
Akaniuliza, kwa upole kabisa,
"Nawe hukuwahi kukitaka kiti hiki?"
Nikamwambia koni ziko nyuma ya mlango.

Agosti, paja limepona, dakika ya hamsini,
nikanong'ona maneno yale yale mawili.
Akamtoa. Aliyeingia akafunga.
Redioni wakasema kocha huyu kijana ana jicho la mwewe.
Sikuudhika.
Au niliudhika kidogo, kama kokoto kiatuni
ambayo mtu haitoi kwa kuwa nyumba imeshaonekana.

Getini mtoto mmoja akaniambia, "Nishikie,"
akaniwekea kiganjani mfuniko wa kalamu
wakati Odriozola anamwandikia jina kwenye mpira.
Wakaenda zao, kila mtu na njia yake.
Mfuniko ninao, mfukoni mwa koti:
wa buluu, una alama za meno.
Nimejaribu kalamu zote za nyumbani kwetu.
Haziingii.