Ngeli ya Chozi

Mikidadi aliniachia miwaridi kumi na mmoja,
bomba lisilotoa maji tangu Machi,
na daftari: asubuhi ndoo mbili,
jioni ndoo mbili, Ijumaa ongeza samadi.

Hapa Newala maji tunayanunua.
Ndoo mlangoni mia saba; bodaboda akichoka, elfu.
Nikapiga hesabu za mwalimu mstaafu,
nikaona miwaridi inakunywa kunizidi.

Nikaacha. Sitasema ilikauka yenyewe.
Kila asubuhi niliipita kanga mdomoni
kama mtu anayempita mdeni wake;
la, kama mdeni anayelipita duka.
Wa mwisho ulikufa Mei,
wiki ile ile jirani Chipojola
alipowasha mashine ya kupuliza salfa,
mikorosho yake ikageuka njano,
na shuka zangu kambani pia.

Ndipo nikateremka bondeni na kijembe na gunia.
Si kwa busara, kwa uvivu:
nilitaka kitu kisichoniomba.
Nikang'oa shubiri tano penye mawe,
nikaokota mbegu za mtopetope,
nikakata vipande vya mnyaa,
nikabeba na mche wa mpingo, miba mitupu, mfupi kama kalamu,
utakaokuwa mti
nikiwa nimeshasahaulika hata na niliowachapa.

Wapita njia wakacheka:
"Mwalimu, wenzio wanafyeka pori,
wewe unalihamishia barazani?"
Fundi Nalihinga, aliyekuja kuziba bati,
alidhani ni takataka, akatupa shubiri mbili jalalani.
Nilizikuta zimelala juani siku nne,
nene vilevile, hazina kinyongo.

Nikazizungushia mawe, nikatandaza maganda ya karanga.
Maji yao: yale ya kusuuzia sahani.
Basi.

Wa kwanza kuja ni sisimizi, ambao sikuwaalika.
Halafu mjusi wa kichwa buluu,
akipiga pushapu juu ya jiwe kama kuruta wa JKT.
Halafu nyuki wachache, njano miguuni,
nikaogopa ni salfa.
Nikaenda kwa Chipojola.
Hatukusemezana tangu kesi ya mpaka.
"Puliza alfajiri," nikamwambia, "upepo ukiwa umelala."
Akanitazama. "Kwa ajili ya nyuki?"
"Kwa ajili ya nyuki."
Hakujibu, akafunga mlango.
Kesho yake mashine ilinguruma kabla ya adhana.

Julai shubiri zikatoa mikuki myekundu.
Miaka thelathini na miwili nimewafundisha watoto
kuandika "chungu kama shubiri",
na sikuwahi kulitazama ua lake.
Nilikuwa nimekaa pale na daftari la marehemu,
nimefika Ijumaa ongeza samadi,
chozi likanidondoka.
Li-, kama nilivyofundisha: chozi, machozi.

Hapo hapo chozi akatua.
A-, kwa kuwa ana roho:
mweusi, kifua chekundu,
mdomo umepinda kama mundu wa mtoto.
Akaning'inia kichwa chini,
akauzamisha mdomo katikati ya uchungu wote ule,
akanywa asali.
Akaenda ua la pili. Hakuniuliza habari.

Chozi limeanguka. Chozi amekunywa.
Ningeziandika ubaoni zote mbili, bila kusahihisha.

Kesho nateremka tena na gunia.
Mashimo ya miwaridi bado yako wazi, sita.