Kibati

Alisukuma mlango kwa bega, upepo ukaingia naye,
upepo wa Punta Arenas usiojua kubisha hodi,
ukaviangusha vibao vyangu vya bei, kimoja baada ya kingine.
Ndani ya koti, kati ya kifungo cha pili na cha tatu,
pua nyeusi.

"Nimepewa," alisema Eleuterio Barría
kama mtu anayejitetea mbele ya askari.
"Nipe anavyohitaji. Visivyo na kazi vibaki rafuni."

Miaka kumi na tisa nauza vitu vya mbwa.
Wateja hununua kwa macho yao, si kwa meno ya mbwa:
kitanda cha waridi, sweta yenye vifungo vya dhahabu,
wiki ya pili ni matambara.
Huyu alikata manyoya ya kondoo maisha yake yote;
kila kitu alikishika kama anayepima makali ya mkasi.

Bakuli la plastiki alilisukuma kwa kidole. Likapinduka.
La bati likapinduka.
Akachukua la udongo, zito kama deni la mwaka jana.
Kitanda? "Nina sufu ya kulaza mbwa saba."
Mkanda wa ngozi ulimpendeza, nikamnyang'anya:
kilebu hakui kwa adabu, hukua usiku ukiwa umelala;
chukua huu wa nailoni, wenye matundu mengi,
vidole viwili vipite kati yake na koo,
viwili, si kimoja, si vitatu.
Akajaribu. Kidole chake kimoja
kilikuwa sawa na viwili vyangu.
Tukapima kwa vyangu.

Mfupa wa mpira aliung'ata kwanza yeye.
Naapa. Aliung'ata, akaurudisha, akachagua ulio laini:
"Huyu ana meno ya maziwa. Mimi nina ya kununua."
Dawa ya kuondoa harufu ya mkojo
hakuibishia.

Mwisho, kibati: kiduara cha shaba,
na mashine yangu inayochora huku ikilia kama nzi chupani.
"Jina?"
"Pilcha."
Kwetu ni vazi, chochote unachojitupia mwilini baridi ikibana.
"Simu?"
Akaitaja yake polepole, kama namba ya mtu mwingine.
"Na ya pili?"
"Ya pili ya nini?"
"Ya upande wa nyuma. Siku ukiwa hospitali.
Siku ukipigiwa usisikie. Mtu atakayekuja kumchukua."

Kilebu akapiga mwayo.
Nimeona watu wakisita mbele ya bei,
sijaona wakisita hivyo.
Akatoa pochi, ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne,
namba ya Osorno, wino umefifia kwenye mikunjo.
"Sijui kama bado ni yake. Nolvia. Binti yangu."
"Nichore?"
"Chora. Mbwa hana habari kwamba tumegombana."

Upande wa pili sikumtoza.

Agosti alirudi, theluji mabegani,
na Pilcha akitembea kwa miguu yake minne mirefu,
mkanda umefika tundu la mwisho.
"Alipotea," akasema.
"Wapi?"
"Kwenye maghala ya bandari.
Mchomeleaji mmoja alimwokota, akasoma upande usio wangu."
Akanyamaza, akachezea kamba.
"Nolvia alinipigia saa tano usiku.
*Baba, tangu lini una mbwa?*
Tukaongea habari za mbwa tu. Chanjo. Minyoo.
Dakika arobaini."

Nikampa mkanda mkubwa, wa ngozi safari hii.
Nikataka kumchorea kibati kipya, kile kimekwaruzika,
akakifunika kwa kiganja.
Kisha akainama, akapitisha chini ya mkanda
kidole kimoja.
"Kinatosha," akasema. "Ni sawa na viwili vyako."