Kapu la Paketi za Kahawa

Mama hakutupa hata moja.
Miaka minne paketi tupu zililala chini ya sinki,
zimekunjwa mara mbili, zimefungwa kwa uzi wa katani,
na kila aliyefungua kabati kutafuta sabuni
aliangukiwa na harufu ya asubuhi zilizopita.

Leo Kuhmo ni nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri.
Gari langu limegoma.
Basi keti, anasema Helvi mama yangu,
keti, Saimi, mikono yako haijagoma.

Anapasua mshono wa mgongoni kwa kisu cha samaki,
anapangusa vumbi la kahawa kwa kitambaa kibichi,
analaza rula ya mbao,
na mkasi unakwenda kre, kre, kre.
Upana wa vidole vitatu. Kunja kingo zikutane katikati.
Kunja tena. Piga pasi kwa ukucha wa gumba.
Hapo chana imepatikana:
nyekundu nje, fedha ndani,
kali kiasi cha kukukata ukiipuuza.

Bibi yake alisuka kwa magome,
akiyabandua mwezi wa Juni miti ingali na maji.
"Sisi mti wetu ni duka la ushirika,"
anasema mama bila kucheka,
na mimi nacheka peke yangu.

Moja juu, moja chini.
Moja chini, moja juu.
Tunasuka mshazari,
kona zimebanwa kwa vibanio vya nguo.
Mara mbili nakosea, mara mbili anafumua
kimya, kama anayemtoa samaki miiba.

Kisha naona maandishi.
Kwenye pindo la chini la kila paketi, kalamu ya bluu,
mwandiko wa Urho baba yangu, mwembamba,
umeinama kama mtu anayetembea dhidi ya upepo:
tarehe tisa Machi. Tarehe kumi na saba Machi.
Kila alipofungua paketi aliandika siku,
apate kujua nyumba inakunywa kiasi gani.
Baba wa hesabu. Hakuwahi kuniambia amenikumbuka,
lakini hii hapa, tarehe ishirini na tatu Desemba,
na chini yake, kwa herufi ndogo: Saimi kaja.

Siku nane. Sita. Saba.
Wiki ile ya harusi ya Martta, siku mbili tu!
Kisha hii: tarehe mbili Oktoba.
Baada yake paketi hazina wino,
na mama hakumbuki, au hasemi,
ile ya mwisho ilichukua siku ngapi kwisha,
kikombe kimoja kimoja.

Nasema: hii tuiweke. Kwenye fremu, au ndani ya Biblia, au,
na Helvi ananyoosha mkono,
ananitazama kwa jicho lile la kumpima mtoto homa,
na kisu kinapita mgongoni.
Pangusa. Rula. Kre.
"Tumepungukiwa na chana za mpini," anasema.
"Huko ndiko uzito uliko."
Anakunja. Wino unaingia ndani, upande wa fedha,
nami najikuta naangalia dirisha
ambalo halionyeshi kitu ila barafu yake lenyewe.

Saa kumi na moja, giza.
Kapu linaegemea kushoto.
Kona moja, ile yangu, imefumba vibaya,
kama mdomo wa mtu aliyenyimwa.
Mama analijaza viazi, analinyanyua, analitikisa,
anasubiri lilie. Halilii.
Jirani Lempi atataka kulinunua, anasema. Hapewi.

Halafu anateleka maji, anafungua paketi mpya,
anasimama nayo kidogo.
Anapekua droo: betri, mshumaa, funguo zisizo na mlango.
Kalamu haiandiki.
Anaipulizia pumzi, anaipikicha viganjani,
anaijaribu ukingoni mwa gazeti,
mviringo, mviringo, mviringo mkavu.