Inavuta

Winchi ilifika kwa guta, Ijumaa, kabla ya adhana,
imevishwa gunia la chumvi,
na mwenye guta alipoiteremsha alikaa chini
akaomba maji kabla ya kuomba hela.

Bi Nasra Singano hakuuliza uzito.
Ananunua hiliki Zirai, mdalasini Kwamkoro,
na masika iliyopita kilima cha Amani kilimlaza siku tatu,
gari limezama mpaka ekseli,
magunia yanaota ukungu mgongoni mwake.
"Lifunge hili dude," akasema, "mbele,
nisije nikamsubiri tena mtu mwenye trekta."

Mbele kuna nini? Bampa la bati,
limenyooshwa mara nne kwa nyundo na dua.
Nikamwambia: mama, tukiifunga hapa,
siku ya kuvuta itang'oa bampa iende nalo,
wewe ubaki topeni na gari lisilo na uso.
Winchi haina macho.
Huanza na kilicho legevu.

Basi tukaingia mpaka kwenye chasisi.
Tukatoa ngao, tukatoa taa, honi ikahamia juu ya rejeta.
Nilikuwa na plati ya milimita kumi,
niliyoinunua kwa kilo kwa waliovunja kiwanda cha kamba:
chuma kilichosikia katani ikisokotwa miaka yote ile
sasa kishike kamba ya waya.
Grenda ikalia Barabara ya Kumi na Nane nzima.
Mama Zuhura wa chapati akasogeza kikaango chake
nje ya cheche, bila neno, kama anavyosogeza kila siku.

Matundu hayakukutana.
La kushoto lilipishana na mwenzake kwa upana wa kucha.
Nikalitanua, nikapenyeza bolti, nikanyoosha mkono nyuma
bila kugeuka, nikasema: "Kumi na tisa."

Hakuna aliyeniwekea kitu kiganjani.
Sina kumi na tisa tangu mwaka juzi.
Mwaka juzi nilikuwa na Kiondo,
kijana wa Pongwe, mashoto,
anayesikia bolti inataka kukatika kabla haijakatika.
Spana ikapotea. Nikahesabu sanduku mara tatu
mbele ya wateja, kwa sauti.
Hakubisha. Alivua ovaroli,
akaikunja, hilo ndilo, alivyoikunja,
mkono juu ya mkono, kola ndani,
akaiweka juu ya tairi, akatoka.

Nikaazima kwa Mhina. Nikakaza.
Waya mwekundu betrini, waya mweusi betrini.
Pua ya gari ikainama vidole viwili,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Sasa tuijaribu kwa nini?
Uani kuna lori la marehemu Shekalaghe,
aliyenifundisha kazi na kuniachia deni lake;
tairi zimekaa chini, tumbo limegusa mchanga,
kuku wa mtaa mzima wanatagia uvunguni.
Tukafunga kisogo cha gari kwa mnyororo kwenye nguzo ya reli,
kulabu tukaitia kwenye shingo ya lori.
Nikawaondoa watoto: waya ukikatika haukuulizi jina.

Nikabonyeza.
Waya ukanyooka, ukatoa sauti nyembamba ya mbu.
Bampa kimya. Chasisi kimya.
Lori likaguna, likaja,
kuku wakatawanyika, likaja tena.

Watu wakapiga makofi.
Mimi nilikuwa natazama pale lilipotoka:
majani meupe yasiyoona jua,
maganda ya mayai,
na spana imelala kifudifudi.
Kutu imekula jina la kiwanda.
Namba inasomeka.

"Inavuta?" akauliza Bi Nasra.
"Inavuta."
Akahesabu noti, nikazipokea kwa mkono mmoja,
yeye akadhani ni kiburi cha fundi.

Kutoka hapa mpaka Pongwe ni lami tupu.
Hakuna tope hata la kuzamisha baiskeli.
Bado sijaenda.