Mitalawanda Chini ya Mayungiyungi

Wiki ya tatu namsafisha kwa mate.
Usicheke. Hakuna dawa ya duka inayoushinda ulimi:
pamba kwenye kijiti, naizungusha mdomoni,
naizungusha tena juu ya tumbo lake,
na moshi wa miaka mia na ishirini unatoka
kahawia, kama chai iliyolala.

Nje, mvua nyembamba ya Gent
inaushonea mto kingo zake.

Floribert Haeck aliichora, akaiita Usiku Utakaozaa.
Akampa mwanamke mwezi utosini, kunguru begani,
na nyuma yake nyuso tatu za kijivu zisizo macho
(wataalamu bado wanabishana: Mauti? Dada zake?
Miezi mitatu ile ya kutapika?)
na tumbo, lo, tumbo lile
halikuchorwa, limewashwa.
Mshipa mmoja wa samawati unakata ubavuni
kama njia ya mtu ajuaye aendako.

Wageni wakifika mbele yake hushusha sauti.
Wengine hujishika matumbo bila kujua,
hata wanaume.

Mimi namjua kwa nyuma.
Nilipoigeuza picha, kwenye ubao wa fremu,
kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Godelieve, wa kiwanda cha kitani.
Faranga mbili kwa siku. Makaa ajiletee.

Makaa ajiletee!
Basi alizipanda ngazi zile na miezi yake minane,
ndoo mkononi, vumbi jeusi kuchani,
akawasha jiko la mwenye nyumba
ili asigande akiwa uchi, akiitwa Usiku.

Walisema waliosema, kulea mimba si kazi,
kazi ni kulea mwana.
Hawakusimama saa sita juu ya sanduku la sabuni,
mkono hewani, umeshika nyota ya karatasi,
mtoto akipiga mateke, na sauti kutoka nyuma ya turubai:
tulia, tulia, kivuli kinahama.

Jumanne tulimpiga eksirei.
Joris wa maabara aliniita bila kugeuka:
Annelies, njoo uone miguu.
Kwa macho, miguu hana. Ana mayungiyungi,
meupe, manene, yamemwagika toka magotini
kama mtu aliyepindua beseni la maziwa.
Chini ya maua: mitalawanda.
Mitalawanda ya mbao, ya kwendea kazini,
ule wa kushoto umepasuka, umefungwa waya,
na juu yake vifundo vya miguu
vimeumuka kama donge lililozidi hamira.

Kwa hiyo Haeck aliona.
Alivichora vile vile alivyoviona,
kisha akaona haya. Au mnunuzi ndiye aliyeona haya,
kabaila fulani aliyetaka fumbo sebuleni.
Fumbo halivai viatu.
Fumbo halivimbi miguu ifikapo saa kumi.

Kama alijifungua salama sijui.
Nilifungua vitabu vya ubatizo vya parokia mbili,
nikakuta akina Godelieve wengi mno, nikaacha.
Niliona kama nampekua mtu mkoba.

Chini kulia, yungiyungi moja limebanduka,
ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.
Hapo ubao unachungulia,
na katikati ya ubao, nukta ya kijivu: waya.

Mkurugenzi ameniandikia mstari mmoja:
Jaza. Tunafungua tarehe tisa.

Nimesaga nyeupe. Nikatia tone la manjano,
na jingine dogo, la kijani, la kutubu,
hadi hata mimi sikujua ua liishie wapi.
Brashi yangu ina nywele tatu.
Nimeijaza petali ile kutoka kila upande,
taratibu, kama mtu anayeziba mdomo wa mwenzake
na hataki.

Nimeacha waya.

Tarehe tisa watakuja na bilauri zao,
watautazama mwezi, watamtazama kunguru,
mmoja atasema neno refu kuhusu uzazi na giza.
Labda yupo ambaye kamba yake ya kiatu itafunguka,
ainame.