Gundi

Jino lilianza saa nane usiku, Tandika,
umeme umekatika, feni imesimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kufikia saa tisa halikuwa jino tena:
lilikuwa chumba, lilikuwa uchochoro,
lilikuwa Dar nzima, Mbagala hadi Bunju,
jiji zima limepanga ndani ya shavu langu.
Nilimchukia Somoe wa chumba cha pili
kwa kukoroma. Anathubutuje?

Ndipo nikasikia, nyuma ya gunia la mkaa,
sauti nyembamba, msumari juu ya bati.
Panya. Kwenye gundi niliyonunua sokoni
kwa yule kijana wa spika,
dawa ya panya, mende, kunguni,
nami nikamkazania anipunguzie mia tano.

Wazo langu la kwanza, nalisema bila kulipamba:
huyu ananiongezea maumivu.

Nikawasha tochi ya simu.
Miguu mitatu imenasa, wa nne unaogelea hewani,
ubavu unapanda, unashuka, mbio mbio,
na jicho, tone la wino,
halikunitazama kama adui.
Halikunitazama kabisa. Lilikuwa na shughuli.
Niliijua shughuli ile.
Chumba kimoja, vitovu viwili vya dunia,
na kila kimoja kinadhani kingine ni kelele.

Darasa la tano tulikamilisha methali.
Mkuki kwa nguruwe mtamu,
nikaandika, kwa binadamu mchungu,
nikapata vema kwa wino mwekundu.
Mwalimu hakuuliza, wala sisi,
nguruwe mwenyewe alisemaje.

Nikammiminia mafuta ya alizeti, ya Somoe,
nikambandua kwa kijiko, mguu baada ya mguu.
Alining'ata kidole.
Akatokomea kwenye mchele wa watu.

Asubuhi, Temeke, daktari akasema fungua kinywa.
Alikuwa anachechemea,
kiatu kimoja kimekatwa kisiginoni.
Nilitaka kumuuliza,
ganzi ikawa imeshaukamata ulimi.

Sijawa mtu mwema. Mchele una bei.
Nimenunua mtego wa chuma,
ule wa kufyatuka mara moja tu,
na Somoe bado ananidai mafuta yake.
Ila siku hizi kikilia kitu gizani,
chochote kile,
kabla sijageukia ukuta
najiuliza, nikiugusa kwa ulimi
ule mwanya jino lilipokuwa:
hii ni saa tisa ya nani?