Mama Shija, Kigoma

Treni ilichelewa saa tano pale Tabora, mama Shija,
na wewe umekalia dumu la asali
kama kuku anayeatamia,
humwamini hata askari wa stesheni.
Hatukuwahi kusafiri pamoja.
Marehemu akisafiri alichukua mmoja,
mwingine akabaki na mbuzi na funguo.

Urambo, Kaliua, kisha giza.
Malagarasi tuliusikia tu, chini ya daraja.
Uvinza ukanunua chumvi dirishani,
ukahesabu chenji yangu kwanza, ndipo yako.
Niliona. Sikusema.

Asubuhi, Kigoma:
matao ya stesheni, udongo mwekundu,
na ziwa limekaa pale mwisho wa safari
kana kwamba reli ilichoka, ikaamua kuwa maji.
Ulivua kandambili ukaingia hadi magotini,
ukachota, ukaonja, ukatema.
"Mbona halina chumvi?"
"Chumvi tumeiacha Uvinza," nikasema,
ukacheka, mama Shija, mpaka kilemba kikaanguka.
Miaka kumi na tisa, ukuta mmoja katikati yetu,
nakijua kikohozi chako, hatua zako za usiku,
harufu ya mboga yako ikishika chini;
kicheko nilikuwa sijakijua.

Ujiji tulilipa kiingilio, tukanung'unikia bei.
Kijana wa makumbusho akasimulia
Mzungu aliyemtafuta mwenzake miezi na miezi,
akamkuta hapa, akavua kofia,
akamwamkia kwa adabu
kama watu waliogongana mlangoni mwa duka.
Wageni wengine walipiga picha.
Wewe ulizitazama zile sanamu mbili, kofia mkononi,
ukaninong'oneza:
"Wale wana nafuu. Kwetu, nani alivua kofia?"

Sokoni Mwanga jua lilishakaza.
"Mwakeye!" mama wa vitenge akatupokea,
akaimwaga Kongo nzima mezani:
tausi, feni, funguo, macho, ndege wasio na miguu.
Wewe ukataka cha buluu. Mimi cha manjano.
Unamkumbuka marehemu?
Kila Idi doti mbili, rangi moja, ua moja,
"Nisije nikasikia maneno."
Tukavivaa kwa zamu kama walinzi,
wewe Ijumaa, mimi Jumapili,
mtaa usije ukatuona sare.

Elfu ishirini na mbili, ulisema, ni wizi wa mchana.
Nikasema basi, twende.
"Tembea polepole," ukaniambia bila kugeuka, "atatuita."
Akatuita.
Tulivyomzunguka pale, mmoja akivuta, mwingine akilegeza,
ungedhani kungwi mmoja ndiye aliyetufunda.
Tukatia na chupa ya asali juu;
akashuka hadi kumi na sita, akatuuliza:
"Ninyi ni ndugu?"
Ukasema ndiyo
kabla sijapata jibu.

Nyumba ya wageni, chumba kimoja, kitanda kimoja.
Migebuka ya kukaanga juu ya gazeti,
wewe vichwa, mimi mikia,
mafuta ya mawese yakivuja kwenye mfuko wako
na wewe ukilaani kifuniko.
Vitenge tulivitundika kwenye msumari tuvitazame.
Halafu, taa imezimwa, ukasema:
"Kile cha manjano. Ningekichukua mimi,
ila ulitangulia kukishika."
Nikanyamaza. Cha buluu nacho
kilikuwa kimenikaa moyoni tangu alipokikunjua.

Nje jenereta likakohoa, likazima.
Sijui kama ulikuwa umelala.
Nilifungua kilemba changu gizani,
nikakikunja vizuri, nikakiweka mapajani,
nikaita jina ambalo mimi na wewe
tulimwachia marehemu peke yake alitaje.
"Nyamizi," nikasema. "Hujambo?"

Ulikaa kimya muda mrefu.
Kisha shuka likavutwa, lote,
likaenda upande wako.
"Sijambo, Kalunde. Lala.
Kesho tunarudi kwa yule mama wa vitenge,
na safari hii bei naanza mimi."